Anayeulizwa Ndiye Ajibu

Afisa wetu wa ulinzi wa watoto na watu wazima wasiojiweza ana sauti ndogo, na akiingia nyumba ya watu hugeuza kiti kumwelekea yule anayesemewa na wengine. Huvilaza viganja magotini, huuliza, kisha hunyamaza. Juzi, mimi dereva wake nikiwa naye, alimuuliza mwanamume mmoja mwenye kigugumizi kizito, ambaye kaka yake alikuwa akimfungia katika chumba cha nyuma, kama anataka kuhamia kwa shangazi yao.

"Huyo hajui kitu," kaka alidakia. "Ukimsubiri utaota mvi, mama."

"Mvi ninazo tayari, baba. Na wewe nimeshakusikia."

Akasubiri. Jasho lilinitoka mimi. Yeye hata kope hakupepesa. Yule bwana alihangaika na neno, likamponyoka, akalikamata tena.

"Na-na-nataka. Leo!"

Kaka akafungua mdomo. Afisa akainuka, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikijaa chumba kizima: "Amesema leo!"

Yule bwana mwenyewe akatangulia kutoka, kwa mlango wa mbele, nami nikamfuata na godoro lake kichwani kama nahodha aliyebeba kombe.