Kiambishi na Mwisho wa Neno

Baba yangu alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na wanafunzi wake, watovu wa adabu lakini si wajinga, wakampa jina la Kiambishi. Hakuwahi kuliacha neno zima. Alilifungua mbele, akalifungua nyuma, akakueleza lilikotoka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Siku ya harusi yangu alishika kipaza sauti akatangaza kwamba matrimony, ndoa kwa Kiingereza, asili yake ni Kilatini: mbele kuna mater, yaani mama, nyuma kuna kipande cha kuonyesha hali. "Baba hayumo kabisa!" akawaambia wageni. Baba mkwe wangu alinuna mpaka keki ikakatwa, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha tezi dume ikamwandama, mkojo ukawa wa kubembelezwa. Daktari akasema vidonge vimegonga mwamba, sasa ni upasuaji wa tezi, prostatectomy, na mapema. Mzee akachangamka kama aliyepewa zawadi.

"Kigiriki hicho, daktari! Pro, mbele. Sta, kusimama. Ni yule asimamaye mbele, mlinzi wa mlango wa kibofu!"

Siku ya upasuaji akawakuta wagonjwa wenzake kwenye benchi la korido, akawapa somo lile lile. Nesi akaita jina lake, yeye akaendelea kufundisha. Akaita tena, zamu ikapita. Tuliporudi wiki iliyofuata, mambo yakawa yale yale. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za baba zimebaki pembeni tu. Nilitaka kumvuta sikio, mzee mzima yule.

Mara ya tatu somo lilipoanza, mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anashona pindo la gauni la mteja palepale kwenye benchi. Hakugomba.

"Mwalimu, mbona kila siku unaishia katikati? Mwisho wa hilo neno kuna nini?"

Baba akaitazama sindano ya mama.

"Ek, nje," akasema kwa sauti ndogo. "Tome, kukata. Kukata na kutoa."

"Ndipo unapoogopa."

"Naogopa sana, mke wangu. Naogopa sitaamka."

"Hata mimi. Ungesema mapema, tungeogopa pamoja nyumbani, bila nauli."

Baba akacheka, macho yamelowa. Nesi akaita. Akavua saa, akampa mama, akaingia.

Mama alisubiri mlango ufungwe, ndipo akalia.