Kushoto kwa Baba

Baba alipopata kiharusi, mdomo wake haukuguswa hata kidogo, na hilo ndilo lililotudanganya. Alirudi kutoka hospitali akiwa msemaji zaidi kuliko alivyokwenda, akisifia uji wa wodini na kulaumu barabara, nasi tukamshukuru Mungu tukachinja kuku. Kuku yule ndiye aliyetufungua macho. Baba alikula kila kilichokuwa upande wa kulia wa sahani, akakomba mchuzi, kisha akauliza tangu lini nyumba yake imekuwa na uchoyo. Paja la kuku lilikuwa pale pale, upande wa kushoto, juu ya ugali. Niliigeuza sahani. Baba akasema, "Haya, kumbe kuna watu wanaona aibu wakisemwa," akaendelea kula.

Daktari wa Njombe alitueleza vizuri, na mimi si mwepesi wa kumsifu daktari. Alisema ubongo una nusu mbili na kila nusu ina kazi zake. Kwa watu wengi maneno yanakaa nusu ya kushoto, na hiyo ya baba ilikuwa nzima. Iliyoumia ni ya kulia. Hiyo ndiyo inayochunga pande zote mbili za mtu, wakati mwenzake wa kushoto anachunga upande wa kulia tu. Sasa mchungaji mkubwa ameanguka, na aliyebaki hana habari kwamba kuna upande mwingine. Macho ya baba hayana kasoro, ila kushoto hakumjii akilini.

"Na mkimuuliza," akaongeza, "ile nusu yenye maneno haitakubali kwamba haijui. Itawapa sababu." Akatuagiza tukae kushoto kwa mgonjwa tunapoongea naye, ili azoee kugeuka polepole.

Mama yangu akishaagizwa na daktari, ameagizwa. Siku hiyo hiyo viti vyote vya sebuleni vilihamia kushoto kwa baba. Wageni waliokuja kumpa pole wakabanana upande mmoja, magoti kwa magoti, vikombe vya chai mikononi, na upande wa kulia pakabaki stuli na dirisha tu. Baba, akiwa na nusu ya mtaa kwenye bega lake la kushoto, alitazama dirisha akasema ugonjwa humwonyesha mtu rafiki zake, hakuna hata mmoja aliyekuja. Wageni walitazamana. Mmoja alikohoa, baba akasema ng'ombe wa jirani wameingia tena kwenye viazi.

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha, nami nilicheka. Nauza vipuri vya pikipiki Makambako, nilikuwa nikipanda Njombe kila mwisho wa wiki, na nilirudi dukani na hadithi. Asubuhi baba alinyoa shavu la kulia likang'aa, la kushoto akaliachia ndevu zake, akatoka kuwasalimia watu kwa heshima zote. Sikujua kwamba mama hacheki.

Jumamosi moja nilimkuta anamenya viazi kwenye kiti chake, kushoto kwa baba, karibu kiasi kwamba maganda yalimdondokea mzee kwenye kiatu. Baba aliponiona akaniuliza, "Mama yako utakaa naye Makambako mpaka lini?"

Nikamwambia mama huyu hapa. Akasema nisimfanye mtoto.

"Mume wangu, niko hapa," mama akasema.

Baba aligeukia kulia, kwenye stuli, ambapo nilikuwa nimeweka simu yangu. "Kumbe uko naye hewani," akaniambia, kisha akainamia simu akaisalimia kwa kilugha chetu. "Kamwene, mama. Rudi basi. Nyumba imepoa."

"Sijaenda popote."

"Ndivyo wanavyosema wote," baba akaiambia simu. Akanigeukia. "Zima, utamaliza chaji."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mama aliweka kisu chini, akaenda chumbani, nami nikamfuata. Alikuwa anapanga khanga kwenye begi. Akasema kila mgeni anayeingia anaambiwa kwamba amemkimbia mumewe akiwa mgonjwa, na wengine wanatikisa kichwa, wakati yeye ndiye anayemwogesha. "Kama nimekwenda Makambako," akasema, "basi acha niende kweli." Shangazi yangu, dada yake baba, angekuja kukaa naye. Tukakubaliana tuondoke kesho yake, ibada ikiisha. Begi tukalitia kwenye gari langu, na hapo kicheko kikaniisha. Kiburi nilicho nacho nimekirithi kwa mama. Nilijua akishatoka kwenye lango lile hatarudi, na ndoa ya wazazi wangu itakuwa imevunjwa na kiti.

Kanisani kwetu wanaume bado wanakaa upande wa kulia na wanawake kushoto. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo, lakini mwanamke pekee anayevuka ni bibi harusi. Baba aliketishwa mwisho wa benchi, karibu na njia ya katikati, na mimi, binti yao, nikakaa na mama ng'ambo. Wakati wa matangazo baba, ambaye ni mzee wa kanisa, aliinuka pale pale alipokaa, na fimbo yake. Aliwashukuru wote kwa maombi. Kisha akasema inamsikitisha kuona kwamba katika kipindi kifupi alichougua, wanawake wa usharika huu wote wameacha dini.

Wanawake wakaangua kicheko. Baba akawatazama wanaume kwa mshangao, akasema kwamba kuweka spika zenye sauti za wake zao si ibada. "Wa kwangu," baba akasema, "wa kwangu ndiye aliyetangulia kuondoka. Mimi simlaumu. Naomba tu mwenye kumwona amwambie nimepunguza kulalamika." Akakaa.

Kicheko kilikwisha. Mama alisimama. Alipita mbele ya magoti yetu, akavuka njia ya katikati mbele ya usharika mzima, kinyume cha kanisa na kinyume cha daktari, akampita baba, akasimama kulia kwake mpaka wazee wakasogea. Akakaa.

Baba alimtazama.

"Umefika saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi."

"Makambako kuna mvua?"

"Hakuna."

Alimshika mkono, kisha akaangalia chini miguuni pa mama. "Na begi lako liko wapi?"

Mama aliinua uso, akanitafuta ng'ambo ya njia.

"Liko kwenye gari," akasema. "Mtoto atalirudisha nyumbani."