Didas na Chama cha Wapenda Kozi

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata mwilini, nyuzi thelathini na moja ilipofika adhuhuri. Mvua haikunyesha.

Siku hiyo, saa nane mchana, Didas alipanda ngazi za mgahawa wa halali ulio nyuma ya maghorofa ya maduka ya jumla ya mtaa wa Xiaobei, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo, kwenda kumsikiliza mtu ambaye yeye alimdharau kuliko wote aliowahi kukutana nao Guangzhou. Na alikuwa amekutana na wengi.

Didas ni mtu wa Karagwe, umri wake miaka arobaini na tisa. Anafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo. Anazungusha futi ya chuma kwenye robota, anasoma urefu, upana na kimo, anaandika ubavuni kwa wino mweusi. Mteja akilalamika kwamba kipimo kimezidi, hupima tena mbele yake na kupata kilekile. Zamani alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka kumi na minne. Kati ya kazi hizo mbili aliishi miaka miwili Bonde la Ufa, Kenya, kwenye kituo cha kuwatibu ndege wa kuwinda waliovunjika mbawa, chini ya Mkalenjin mmoja aitwaye Rotich. Huko ndiko alikojifunza kuwinda kwa kozi, ndege mwindaji afananaye na mwewe: kumzoesha ndege mkono wa mtu, kumrusha awinde, na kumwita arudi.

Wiki sita za kwanza Rotich hakumruhusu kugusa ndege. Alimpa mizani. Kila asubuhi Didas alimpima kozi na kuandika uzito. Akizidi kidogo, ameshiba, ukimrusha harudi. Akipungua, unamuua kwa njaa huku ukijiita mwalimu wake. "Hujui uzito wake, hujui kitu," alisema Rotich, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kupita zote.

Hapa China Didas hana ndege. Sheria inakataza mtu kuwakamata au kuwafuga ndege hao bila kibali, na yeye kibali hana, basi mazungumzo yameishia hapo. Aliwahi kuoneshwa kozi mchanga ndani ya boksi la viatu na mtu aliyedhani anamfurahisha. Aliondoka bila kuaga.

Alichokuwa nacho ni waraka wa kurasa ishirini na mbili, alioutunga kwa mwaka mzima, kuomba kanuni za uwindaji za nyumbani ziutambue uwindaji wa kutumia kozi. Hakuomba mlango uachwe wazi. Aliweka masharti matatu. Mtu awe mwanagenzi miaka miwili chini ya anayejua. Kila ndege avishwe pete yenye namba na akaguliwe. Na ndege asiuzwe, wala asitoke nje ya nchi, hata akiombwa na mfalme.

Waraka huo ulilala kwenye faili la plastiki chini ya kitanda kwa miaka mitatu. Kila alipomfikiria mtu wa kuufikisha, alimwona kasoro. Mmoja alicheka ovyo. Mwingine, mtu mwenye shahada mbili, alikuja ofisini na kandambili.

Sasa huyu Abdulwakil. Ni mfanyabiashara wa Unguja, muuza vigae na taa za kuning'inia. Mwaka jana alipita Dubai, mtu akamwekea kozi mkononi apige picha, dakika tatu, na aliporudi Guangzhou alikuwa mwindaji wa kutumia kozi. Ndani ya mwezi alianzisha Chama cha Wapenda Kozi, naye akawa mwenyekiti. Chama kilikuwa na wanachama thelathini na mmoja, fulana, bango, na kundi la simu lililojaa salamu za Ijumaa. Ndege hakikuwa naye, na katika wale thelathini na mmoja hapakuwa na hata mmoja anayeweza kutofautisha kozi na mwewe wa kuiba vifaranga.

Didas asingetia mguu hapo kama si Hafidha, katibu wa chama, mwanamke wa Dar es Salaam anayeuza vitambaa vya mabuibui. Wiki mbili nyuma Hafidha aliuomba waraka, akaketi juu ya robota pale ofisini, akausoma wote mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Didas akampa nakala aende nayo. Mgeni alikuwa anakuja kutoka Dodoma, mjumbe wa kamati ya kupitia kanuni za uwindaji, na saa kumi jioni angepita mgahawani kupokea maombi ya chama. Kesho yake mchana angepanda ndege kurudi.

"Karibu, Bwana Askari!" Abdulwakil alipaza sauti Didas alipotokeza juu ya ngazi. "Njoo uone mambo."

Mezani palikuwa na katoni. Abdulwakil alitoa glavu moja nene, ndefu hadi kwenye kiwiko, yenye nembo ya chama.

"Ngozi ya ng'ombe hiyo, mshono mara mbili. Imeshonwa huko Shiling, kwenye viwanda vya mikoba. Laoban, tajiri wa kiwanda mwenyewe, kanambia hajapata kushona kitu kizito kama hichi. Ziko mia mbili."

Didas aliigeuza. Akachukua ya pili katonini, kisha ya tatu. "Zote za mkono wa kulia."

"Ee, zote."

"Kwa nini?"

"Ala!" Abdulwakil aliwageukia wenzake. "Mnamsikia? Bwana wee, kozi ni ndege wa wafalme. Mkono wa kulia ndio wa kula, ndio wa kupeana salamu, ndio wa kupokea msahafu. Unataka mimi nimkalishe mgeni wa heshima kwenye mkono wa kuchambia?"

Meza nzima iliangua kicheko. Didas alisubiri kiishe.

"Na fundo utafunga kwa mkono gani?"

"Fundo lipi tena?"

"Ndege amefungwa kamba miguuni. Anakaa mkono mmoja; ule mwingine unafunga kamba, unamvua kofia machoni, unamlisha nyama. Huo wa pili ndio unaofanya kazi, ndio wa kulia, na wewe umeuvisha gunia. Hebu." Alifungua kamba ya katoni, akampa. "Vaa glavu yako, ufunge hiyo kwenye pete ya glavu kwa mkono wa kushoto. Mmoja tu."

Abdulwakil alivaa. Kamba ilianguka. Aliiokota, ikaanguka tena, na mara ya tatu alijaribu kuisaidia kwa meno.

"Mwenyekiti anakula kamba," alisema mtu mmoja upande wa dirishani.

"Na ile picha ya Dubai?" Didas aliuliza. "Kozi alikaa mkono gani?"

Abdulwakil alitoa simu, akaitazama kwa muda. "Simu hizi zinageuza picha," alisema. "Kila mtu anajua."

Didas alikuwa na neno tayari, lakini aliona kulitumia kwa mtu huyu ni ufujaji. Akamwomba Hafidha waraka asome kabla mgeni hajafika. Hafidha aliutoa mkobani polepole, na alipompa hakumtazama usoni.

Waraka ulikuwa na kurasa tisa.

Alisoma akiwa amesimama. Miaka miwili ya uanagenzi ilikuwa imegeuka semina ya siku mbili, yenye cheti. Pete zilibaki. Sharti la tatu halikuwepo kabisa, na mahali pake palikuwa na aya mpya: wanachama wapewe vibali vya kukamata na kusafirisha nje ndege mia mbili kila mwaka, "kwa ajili ya kukuza mchezo." Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi nzito, palikuwa na maneno: Umeandaliwa na mtaalamu wetu, Afisa Didas, aliyewahi kuwa mlinzi wa wanyamapori.

"Nani ameandika aya hii?"

"Kamati," alisema Abdulwakil. "Usikunje uso, sheikh. Waraka wako ulikuwa mzuri ila mrefu, na ulijaa 'asi': asiuze, asitoe, asifanye. Nani atautaka mchezo wa kukatazwa tu? Tunaanza kidogo, mlango ukifunguka tutarekebisha."

"Miaka kumi na minne nimekamata watu wa aya hii. Walikuwa wanawafunga kozi kwa soksi na kuwapanga kwenye sanduku la nguo. Wakifika kumi, wazima wanne. Hao nao walisema ni mchezo."

"Sisi si majangili, Bwana Didas."

"Kweli. Jangili anamjua ndege."

Hapo hakuna aliyecheka. Didas alitoa kalamu yake ya marobota, akaufuta mstari wenye jina lake kwa wino mweusi, mara mbili, mpaka karatasi ikalowa.

"Umeuharibu!" Abdulwakil alisimama na glavu yake. "Bila jina lako hii si itakuwa karatasi ya wauza vigae?"

"Ndivyo ilivyo," alisema Didas, akashuka ngazi.

Hafidha alimkuta chini, karibu na mlango wa jikoni, mvuke wa supu ya kondoo ukiwapita.

"Kaka Didas, nisikilize. Nilikataa aya ile, nikashindwa kwa kura. Kosa langu ni kutokukupigia simu. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nani asiyekuogopa? Unamtazama mtu kama robota lililofungwa vibaya." Alijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Lakini na wewe una lako. Miaka mitatu umeulalia ule waraka. Mle ndani hawajui ndege, sawa, ni wajinga, sikatai. Ila mzigo wanajua kuufikisha. Saa kumi mgeni atapokea wa kwao, na kesho ataondoka nao. Wa kwako uko wapi?"

Didas alitaka kumwambia kwamba hapakuwa na mtu wa kufaa. Jibu hilo alilipima kama anavyopima kila kitu, akaliona jepesi.

"Anafikia hoteli gani?" aliuliza.

Hafidha akamtajia.

Jioni upepo wa kaskazini ulianza na joto likavunjika. Didas alitoa faili chini ya kitanda, akausoma waraka wake wote, akasahihisha nukta mbili.

Asubuhi ya Jumapili, saa moja, alikuwa wa kwanza kwenye duka la kutoa nakala. Alitoa nakala moja, akaibana, akaandika jina lake na namba yake ya simu kwenye ukurasa wa mbele, kisha akaenda hotelini kwa miguu. Mgeni alikuwa mezani anakula, mtu mnene, mchangamfu, kandambili za hoteli miguuni.

"Shikamoo, mheshimiwa. Nimeleta waraka wa kozi."

"Marahaba. Jana nilipewa mmoja, una wino kama umemwagikiwa na rangi ya viatu."

"Ule ni wa kuuza ndege. Huu ni wa kuwinda nao."

Mgeni alicheka kwa sauti kubwa, akafungua ukurasa wa kwanza kwa kidole chenye mafuta ya yai, na doa likaenea katikati ya kichwa cha habari. Siku nyingine yoyote Didas angeuchukua waraka wake na kuondoka nao. Alivuta kiti, akaketi, akamwonyesha sharti la kwanza lilipoanzia.