Siku Tulipoipeleka Bunduki ya Baba Kilosa

Baba alimnyooshea bunduki mke wa jirani yetu saa nne ya asubuhi, siku ya Jumamosi, alipokuja kurudisha ungo. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua. Nilisikia kitu kinaanguka. Nilipozunguka nilimkuta mama wa watu amesimama uani mikono juu, kanga imemteleza begani, na baba yuko barazani na bunduki yake ya marisau ameiegemeza begani.

"Huyu ni nani?" akaniuliza bila kumwondolea macho.

Nikamtajia jina. Akamtazama kwa muda, akaishusha bunduki, akasema, "Karibu mama, karibu ukae. Mbona umesimama juani?"

Haikuwa na risasi, lakini hilo tulilijua baadaye, nilipoifungua. Jirani hakukaa. Na mimi usiku ule niliificha ile bunduki chini ya godoro langu, jambo ambalo nalo halikuwa halali, kwa sababu leseni ilikuwa ya baba, si yangu.

Aliipata kihalali kabisa, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Babu yangu aliletwa Kilosa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baba akahamia Ruhembe kulima miwa, na nguruwe pori walipomzidi akaomba kibali cha silaha. Kila leseni ilipokaribia kuisha alikuwa anavaa koti lake la kijivu, anaipangusa bunduki kwa mafuta, na kwenda kuihuisha kama mtu anayekwenda harusini. Shamba lilipokwenda kwa wadogo zangu, bunduki ilibaki kwake. Akili ilipoanza kumtoka, mwanzoni kwa majina, halafu kwa nyuso, bado bunduki ilibaki kwake.

Nilisubiri siku ambayo ameamka vizuri. Nilimsalimu, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za shule ninayofundisha, nikajua leo yupo.

"Baba, ile bunduki tuirudishe serikalini."

Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. "Nilimtisha yule mama?"

"Ndiyo."

"Basi nitaipeleka mwenyewe. Sitaki askari waje kuichukua hapa kwangu watu wakidhani nimeiba."

Nilikwenda kituo cha polisi Mikumi kuuliza utaratibu. Nilimkuta askari wa kike, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote. Kisha akaniambia silaha ile ilisajiliwa Kilosa, ikapokelewe huko huko, na yeye angeongea na wenzake watuandikie barua.

"Lakini mwalimu, wewe huna leseni," alisema. "Mwenye leseni ni mzee, kwa hiyo lazima awemo garini, na leseni yenyewe iwepo, si kivuli chake. Bunduki iwe tupu, ndani ya mfuko, kwenye buti, na buti lifungwe. Risasi zikae mbali nayo, kwenye kitu chenye kufuli. Msipite dukani, msipite kwa ndugu. Na usije ukashika njia ya Morogoro, kule barabara inapita hifadhini, na bunduki hifadhini ni kesi nyingine kabisa."

"Tukisimamishwa?"

"Sema kabla hujaulizwa. Usingoje askari aikute mwenyewe."

Barua ilitoka baada ya wiki mbili. Siku ya safari, saa moja asubuhi, baba aliikunja bunduki katikati mbele yangu na kuniambia nichungulie. Niliona mwanga upande wa pili wa mtutu. Aliivisha mfuko wake wa turubai, nikaiweka kwenye buti la gari langu dogo na kulifunga. Risasi tulizihesabu mezani, zikawa tisa. Nikazitia kwenye kisanduku cha chuma ninachowekea vyeti vyangu, nikakifunga na kukisukuma chini ya kiti changu.

"Ndizo zote?" nilimuuliza.

"Zote," alisema, akavaa koti lake.

Sijawahi kuendesha vile. Njia nzima ya Kidodi niliiona kila pikipiki, kila mtu aliyesimama kando ya miwa akilitazama gari langu. Kabla ya Mikumi askari wa barabarani alinyoosha mkono. Nilisimama, nikateremsha kioo, na maneno yakatoka kwa pupa.

"Habari za kazi afande. Kwenye buti kuna bunduki, na risasi zote ziko kwenye kisanduku chini ya kiti changu. Mwenyewe ni huyu mzee. Leseni hii hapa, barua hii hapa."

Alirudi nyuma hatua moja. Mwenzake aliyekuwa kivulini akasimama. Walisoma barua, mmoja akapiga simu, wakaniambia nifungue buti mwenyewe taratibu na nikae mbali. Baba alikuwa ameangalia mbele, mikono juu ya magoti. Waliporidhika, yule wa kwanza akaniambia, "Umefanya vizuri kusema. Nendeni moja kwa moja." Nilitoka pale blauzi imenigandama mgongoni.

Tulipita Mikumi mjini bila kusimama, tukaingia barabara ya Kilosa. Nilianza kupumua. Baba akawa ananionyesha mashamba, ananiambia hili lilikuwa la fulani, na mengine alikuwa sahihi.

Hatukwenda mbali. Kwenye kona moja tulikuta watu wamejaa barabarani, pengine arobaini, wengine na mapanga, wengine na masufuria na madebe, wote wameangalia shamba la mahindi upande wa kulia. Nilipunguza mwendo mpaka nikasimama, maana hapakuwa na pa kupita. Ndipo nikaona. Katikati ya mahindi kulikuwa na dungu, kile kibanda cha miti cha juu ambacho mkulima hulala akilinda shamba, na juu yake mwanamume ameshikilia nguzo. Chini yake alikuwepo tembo jike na mtoto wake. Watu walipopiga madebe, yule tembo alitanua masikio na kuzidi kulisogelea dungu, kama aliyeona kelele zinatoka kule juu.

Baba aliteremsha kioo. "Kuna nini?"

"Mzee, tembo wamemzingira mtu tangu alfajiri," mama mmoja alisema. "Askari wa wanyamapori tumewapigia, wanasema wako njiani."

Na baba, kabla sijafungua mdomo, akasema kwa sauti ya mtu wa miaka arobaini, "Mimi nina bunduki."

Habari ile ilikimbia kwenye ule umati kuliko moto wa nyasi. Madebe yalinyamaza. Watu walilizunguka gari.

"Mzee, piga moja tu juu," mtu mmoja aliomba. "Wakisikia mlio wataondoka."

"Fungua buti," baba aliniambia, na tayari alikuwa ameshatoka nje.

Nilitoka na mimi, nikachomoa ufunguo. "Baba, hapana. Hatuna ruhusa."

"Fungua buti."

"Baba, siwezi."

Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la maua alinishika mkono. Hakupaza sauti. "Dada, yule kule juu ni mume wangu," alisema. "Nakuomba."

Mpaka leo naliwaza lile ombi. Sikuwa na uhakika. Nilijua yaliyoandikwa kwenye barua, lakini barua haikumtaja mtu juu ya dungu. Nilichokuwa na uhakika nacho ni mikono ya baba. Nilimwona moyoni akiipakia, akimsahau tembo, akigeuka kuwaangalia wale watu arobaini wenye mapanga na kujiuliza ni akina nani.

Ndipo akatia mkono kwenye mfuko wa koti na kuutoa. Kiganjani mwake kulikuwa na risasi mbili.

Tulikuwa tumesafiri nazo njia nzima, zimekaa mfukoni, na mimi nimewaambia askari kwamba risasi zote ziko kwenye kisanduku. Niliushusha ufunguo ndani ya blauzi yangu, kifuani, mahali ambapo hakuna mwanamume angeweza kuufuata mbele za watu.

"Lete ufunguo," baba alisema, akainua mkono. Hajawahi kunipiga tangu nivunje ungo. Mkono ulikaa juu, ukashuka wenyewe.

Mwanamume mwenye panga akasema, "Tulivunje hilo buti, mtu anakufa pale."

Nikageuka nikawaambia. Sikupanga kusema, na kama ningepata dakika moja zaidi nadhani nisingesema.

"Baba yangu anasahau," nilisema. "Hivi karibuni alimnyooshea jirani yetu bunduki hii hii, hakumtambua. Ndiyo maana tunaipeleka polisi. Mkimpa atampiga yeyote kati yenu, na hatajua kama amempiga."

Wote wakamwangalia baba. Alikuwa amesimama kando ya gari na koti lake zuri, kiganja wazi. Alinitazama kwa uso ambao sijawahi kuuona, si wa hasira. Akanisogelea, akazimimina zile risasi mbili mkononi mwangu, akaingia garini na kufunga mlango.

Hakuna aliyeligusa buti. Yule mwanamke aliniachia mkono.

Sijui tulisimama pale kwa muda gani. Nilikuwa nimezifumbata risasi mpaka zikapata joto. Tembo alilisukuma dungu kwa paji la uso, mara moja, akaacha, akarudia. Miti ikalia. Mara ya tatu upande mmoja ukakatika, na yule mwanamume akaanguka ndani ya mahindi, tusimwone. Mkewe alikaa chini barabarani.

Gari la askari wa wanyamapori lilifika muda mfupi baadaye, na huo muda mfupi ndio watu wa pale hawataacha kuuhesabu. Walipita pembeni ya shamba, wakalipua fataki za kufukuzia wanyama, mbili kisha nyingine mbili. Tembo akamtanguliza mtoto wake, wakakata mahindi kuelekea porini wakikimbia. Walimkuta yule mwanamume kwenye tuta, yu hai, paja limevunjika. Walimpakia kwenye gari lao na mkewe, wakageuza kwenda hospitali. Mama huyo alinitazama walipopita. Mimi nilimtazama pia.

Zile risasi mbili nilizifungia pamoja na zile tisa. Kutoka pale mpaka Kilosa ni mwendo mrefu, na baba hakunionyesha tena shamba hata moja.

Kituoni walitupokea kwa heshima. Askari anayeshughulikia silaha alimwamkia baba, akampa kiti, akaifungua bunduki, akalinganisha namba na leseni. Kisha akamwaga risasi mezani na kuzihesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja.

"Hizi zote zilisafiri kwenye kisanduku?" aliuliza, bila shaka kwa mazoea tu, maana alikuwa tayari anaandika.

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimeshamwaga siri kubwa kuliko ile siku hiyo hiyo, na nilihisi nikidanganya hapa nitakuwa nimemwaibisha baba bure.

"Hapana afande," nilisema. "Tisa zilikuwa kwenye kisanduku. Mbili—"

"Mbili zilikuwa mfukoni mwangu," baba alidakia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu kule kwenye tembo. "Huyu mtoto hakujua. Aliniuliza nyumbani, nikamwambia ndizo zote. Kama kuna kosa, andika jina langu."

Kalamu ilisimama. Askari alimwangalia baba, akaniangalia mimi, akanyanyuka na kwenda chumba cha ndani. Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa moja. Wakati wote huo nilikuwa najiona narudi Ruhembe peke yangu, nikiwaeleza wadogo zangu kwamba nimempeleka baba polisi kwa miguu yake na kumwacha huko.

Mkubwa wao alitoka, mtu mzima mwenye miwani. Alimwamkia baba, akavuta kiti na kukaa mbele yake. Alimuuliza majina yake kamili, akayataja. Alimuuliza leo ni siku gani. Baba alifikiri sana, akasema ni siku ya kwenda kuhuisha leseni. Yule mkubwa akatikisa kichwa polepole. Alituonya wote wawili, kwa maneno makali ambayo nilistahili, akaamuru maelezo yaandikwe na yasomwe kwa sauti. Baba akatia sahihi, herufi moja baada ya nyingine, tukapewa hati ya kupokelewa silaha.

"Mrudishe mzee nyumbani," aliniambia. "Ale, apumzike."

Yule mwanamume wa dungu alilazwa miezi miwili. Sasa anatembea na gongo. Nilikwenda kumwona mara moja, nikiwa na unga na sukari. Yeye alinipokea vizuri, akanisimulia jinsi tembo alivyokuwa akipumua chini yake. Mkewe aliniletea maji ya kunywa, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Sikumlaumu. Siku nyingine nafsi yangu inaniambia mlio mmoja ungetosha. Siku nyingine inaniambia mlio mmoja ungeua.

Baba huiulizia bunduki yake, hasa asubuhi. Ananiuliza nani kaichukua. Namwambia tuliipeleka Kilosa, mimi na yeye, na kwamba alitia sahihi mwenyewe. Kwa kawaida anasema sawa, na baada ya chai anauliza tena.

Juzi hakuuliza. Alikuwa amekaa barazani, mimi nachambua mchele, akasema bila kunitazama, "Siku ile ulinisema mbele za watu."

Amesahau jina la mama yangu, lakini hilo hakulisahau.

"Ndiyo baba," nilimwambia. "Nilikusema."

Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kwenye ungo wangu, akaokota jiwe moja, akalitupa uani, akaanza kunisaidia kuchambua.