Barua ya Kuomba Kazi

Mwalimu wa muda hakai kwenye kiti cha mtu. Sisi wenye ajira tuna viti vyetu ofisini, naye huegemea kabati la vitabu, bahasha ya vyeti kwapani, utadhani anaitwa ndani sasa hivi. Tukimwambia, "Kaa basi, mwalimu," hujibu, "Nimekaa vya kutosha nyumbani." Huu mwaka wa tatu anashika vipindi vya walimu waliougua au waliojifungua; wakirudi, anakabidhi madaftari na kushukuru. Chaki huja nazo mwenyewe kwenye kopo la sabuni. Simu yake haizimwi. Huiweka mezani, kioo juu, na kila ikitetemeka huitupia jicho huku akiendelea kufundisha. Mara nyingi ni kampuni ya simu inamtangazia bando.

Jana nilikuwa darasa la jirani. Ukuta wetu haufiki darini, kwa hiyo nilimsikia akifundisha barua ya kuomba kazi. Hakufungua kitabu. Anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua, vyote alivitaja kama mtu anayeita wanawe. "Malizeni hivi: natumaini ombi langu litafikiriwa." Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ukishaituma, wanajibu baada ya siku ngapi?" Niliacha kuandika nimsikilize.

"Hilo halimo kwenye mtihani," akasema. Darasa likaangua kicheko. Akangoja watulie. "Chini ya saini weka namba ya simu," akaongeza. "Halafu usiizime."