Salamu kwa Vidole Viwili

Sitasema uongo: nilijifunza Morse kwa ubishi. Baba yangu alikuwa mtu wa simu ya upepo jeshini, hapa Base ya Kamina, na hata baada ya kustaafu alibaki na redio yake ya ridhaa, ile ya kutuma na kupokea. Rafiki yake waliyetumikia pamoja anaishi Mulongo, ambako mtandao wa simu huja na kwenda upendavyo. Kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita huku, saa tisa mchana, kwa miaka, wazee hao wawili walikuwa wakipigiana Morse. Kisha mkono wa baba ukaanza kutetemeka. Kwenye kitufe chake cha zamani, kinachopigwa juu chini kwa mkono, nukta moja ikatoka kama nukta tatu, naye akaona aibu. Jumamosi tatu mfululizo tulikaa kando ya redio tukimsikia mwenzake akiita, na baba hajibu.

"Atazani umekufa, Papa," nikamwambia.

"Muache azani. Afazali vile kuliko asikie huu mukono."

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi ni mshonaji, vidole vyangu havijawahi kushindwa na kazi. Nikaomba serikalini ruhusa ya kurusha mawimbi, nikaipata, nikamwendea fundi wa redio sokoni anitengenezee padeli, kifaa cha kutumia Morse kwa vidole viwili. Ni vipande viwili tu vya msumeno wa chuma, vimesimama ubavu kwa ubavu juu ya kibao, na waya unaokwenda kwenye kisanduku kidogo cha umeme. Ukigusa kimoja kwa kidole gumba, kisanduku kinatoa nukta. Ukigusa kingine kwa kidole cha shahada, kinatoa mistari. Ukivibana vyote, nukta na mstari vinapokezana vyenyewe, kama wanawake wawili wanaotwanga sombe, majani ya mihogo, katika kinu kimoja. Siku ya kwanza nilivibana nikacheka peke yangu hadi machozi yakanitoka. Di-da-di-da-di-da! Nani angeniambia kitu siku ile?

Tatizo lilikuwa mguu. Miaka ishirini ya cherehani ya kukanyaga imenizoesha kwamba mkono ukifanya kazi, mguu nao ufanye. Nilituma herufi huku kisigino kikikanyaga sakafu, na mguu ukipotea, vidole vinaufuata. Ikabidi niikalie miguu yangu mwenyewe. Baba akipita mlangoni anaguna.

"Ile mashini njo inatuma, hapana weye. Mukono ya muntu haiko mule."

"Basi unifundishe, Papa."

"Minyi sifundishaka bavivu."

Lakini kila nilipokosea herufi, alikohoa. Alikuwa mzima wa kifua, namjua. Kikohozi kile kilinifundisha kuliko kitabu chochote.

Miezi minne ikapita. Yule mzee wa Mulongo hakuacha kuita, ila sasa aliita mara moja tu, akasikiliza kidogo, akaondoka. Niliogopa kwamba Jumamosi moja hataita tena, na hapo baba angekuwa amekufa kweli, kwa upande wa Mulongo. Kwa hiyo alipoita tena, sikumwomba baba ruhusa. Nikajibu. Nikasema mimi ni binti yake. Nikakosea hata neno "binti", mara mbili.

Sasa, watu wa Morse wana desturi ya kufupisha kila kitu. Mimi nimelelewa Kamina. Huwezi kumvamia mzee na shida yako kabla hujamsalimu. Nikamuuliza ameshindaje, mama wa nyumbani ameshindaje, watoto je, mihogo je, mtumbwi na nyavu je. Naye, Mluba kama sisi, angeachaje? Akarudisha yote, moja baada ya jingine, akaongeza cherehani yangu na mbuzi wetu. Nilikuwa na furaha ya kichaa. Nilimjibu kuhusu kila mbuzi, kwa mwendo wa kinyonga.

"Bateri iko inakufa," baba akasema nyuma yangu, "na weye uko unaongea mambo ya mbuzi!"

"Siwezi kukata salamu, Papa. Iko muzee."

Taa ya redio ikafifia. Baba akashindwa kuvumilia. Akanisukuma mimi na kiti changu, akalaza kiganja mezani, gumba huku, shahada huku, akatuma kwamba betri ni ndogo, aseme haraka. Safi! Hakuna nukta iliyozidi. Mkono uliolala juu ya meza hauna haja ya kupiga. Unagusa tu, kisanduku kinamaliza kazi. Baba akavitazama vidole vyake kana kwamba ameviazima. Nilijiziba mdomo nisipige vigelegele.

Jibu likaja, naye baba akawa ananisomea kwa sauti.

"Anasema, mutoto, umejua kutuma gafla hivi?"

Tulicheka hadi baba akashika meza. Yule mzee alidhani bado ni mimi!

"Anasema, baba yako iko muzima?"

Baba akatuma: IKO.

Kisha likaja neno refu, na baba akaacha kunisomea. Ikabidi nidake herufi mwenyewe, moja moja, kwa midomo. MUKONO YAKE INATETEMEKA TANGU ZAMANI. NILIJUA. SIKUMUAMBIA, JUU YA HESHIMA. WEYE MUAMBIE ARUDIE. NINANGOJAKA ILE MUKONO KILA POSHO.

Zamu ya kutuma ikawa yetu. Nilitamani kupiga kelele, nimwambie baba aseme ni yeye, aliyeko hapa ni yeye! Nikaumauma ulimi. Baba akajifuta uso kwa mkono wa shati, akarudisha vidole kwenye padeli, na akiwa bado ni mimi, akatuma: NITAMUAMBIA.