Betri na Maji ya Kuchemsha

Nilipofika kijijini, lori lilikuwa linasukumwa. Watu arobaini hivi walikuwa wameacha majembe kwenye shamba la kijiji wakaja kuliegemea kwa mabega huku wakiimba. Karani alitembea pembeni na daftari akiandika jina la kila aliyesukuma, maana kamati ilikuwa imeamua kwamba kusukuma lori ni kazi ya ujamaa kama kupalilia. Mchezo huo ulikuwa na majuma matatu. Mimi nilikuwa nimetoka Singida mjini kwa lifti hadi Kinyangiri, kisha nikatembea saa mbili na sanduku la vifaa begani, na nilipogundua kuwa gari bovu limetungiwa hadi wimbo wake, nilikasirika hata kabla sijasalimia.

Nilikuwa fundi umeme katika karakana ya serikali, kijana wa miaka ishirini na sita, na hasira zangu zilijulikana kuanzia nyumbani Mandewa hadi kazini. Betri ya lori lile niliifunga mwenyewe miezi mitatu nyuma, ikiwa mpya. Betri mpya siku hizo hupati kwa kupita dukani. Unaandika barua, unasubiri, unaandika tena. Sasa nikaambiwa kila asubuhi imekufa, na hendeli ya kuwashia ilishapotea zamani.

Katibu wa kijiji alinivuta kando akanieleza jambo ambalo halikuwa kwenye barua yao ya kuniita.

"Ndugu fundi, sisi tunajua tatizo. Dereva anaiazimisha betri usiku. Kuna watu wana santuri, wanapiga kwenye harusi vijiji vya jirani. Jumamosi kamati inakaa. Ukituambia dinamo inayochaji betri ni nzima, basi mwizi ni yeye, tunampeleka polisi."

Dereva alikuwa amesimama karibu na lori akisikia kila neno. Alikuwa mzee kuliko baba yangu, mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanifungulia boneti. Ilikuwa Jumatano.

Nilianza na mkanda wa feni, maana nusu ya lawama zote za betri huishia kwenye mkanda uliolegea. Ulikuwa umekaza vizuri. Nikafungua dinamo, nikatazama brashi, nikaisugua shaba yake kwa msasa ingawa haikuhitaji. Tukalisukuma lori likawaka, nikapima. Mshale wa mita ukapanda pale pale unapotakiwa. Regyuleta, ile inayoongoza chaji, nayo ilikuwa inafungua na kufunga kama ilivyotoka kiwandani. Nikawasha taa kubwa, nikamwambia dereva akanyage mafuta, taa zikang'aa zaidi. Hapo nilitamani kupiga teke gurudumu. Gari lililoharibika unalitengeneza, lakini gari zima linalokataa kuwaka unalifanya nini?

Vifuniko vya betri nilivifungua pia, nikaona maji yamejaa hadi kwenye alama, vyumba vyote sita. Nikaridhika, nikafunga. Kipimo cha asidi sikuwa nacho. Kioo chake kilivunjika mwaka uliopita na kingine tulikuwa bado tunakiandikia barua.

Alhamisi asubuhi betri ilikuwa imekufa. Nikadhani kuna waya unaovujisha umeme, nikautafuta hadi adhuhuri nimelala chini ya lori, vumbi machoni, watoto wamechuchumaa wananitazama miguu. Sikuona kitu. Jioni, betri ikiwa imejaa baada ya lori kusukumwa na kunguruma kwa saa nyingi, niliing'oa kabisa nikaibeba hadi chumba nilichopewa kulala, nikaiweka kando ya kitanda. Nilijiambia kwamba kesho mambo yatakwisha. Ikiwa na nguvu asubuhi, basi mzee ni mwizi na mimi narudi nyumbani.

Nakiri kwamba nilitaka awe mwizi. Nilikuwa nimechoka, na mwizi ni jibu fupi.

Asubuhi niligusanisha waya zangu mbili na taa ya kupimia. Taa ikatoa wekundu hafifu, ikazima. Betri haikutoka chumbani, haikuguswa na mtu, na umeme wake umekwisha. Ilikuwa inajila yenyewe kwa ndani.

Nikaibeba hadi nje kwenye jua, nikafungua vifuniko, nikainamisha kidogo maji yamwagike kwenye glasi. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikachungulia ndani, sahani za risasi zilikuwa zimeota ukoko mweupe. Nikamwendea dereva nyumbani kwake moja kwa moja, na salamu sikukumbuka.

"Mzee, unaweka maji gani kwenye betri?"

"Maji safi," akajibu. "Njoo uone."

Mkewe akanionyesha. Jikoni kulikuwa na sufuria ya peke yake, haipikiwi chakula, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Maji ya kisima yalichemshwa humo mara tatu. Yalichemshwa, yakatulizwa, yakachujwa, yakachemshwa tena, vile vile mganga wa zahanati alivyowafundisha kina mama kuhusu maji ya kunywa, isipokuwa kwamba betri waliizidishia heshima kuliko watoto. Ndani ya sufuria, kuanzia katikati hadi chini, kulikuwa na gamba jeupe gumu. Nikachovya kidole nikaonja. Visima vingi vya kwetu vina chumvi, hilo kila mtu anajua, na ukichemsha maji ya chumvi kinachotoka ni mvuke tu, chumvi inabaki. Kila walipoyasafisha waliyazidishia ubaya.

Nikapandwa na hasira. Nilimpigia kelele mzee wa watu mbele ya mke wake. Nilimwambia ameua betri ya taifa, nilimwambia hana akili, nilisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu nikiwa peke yangu. Akanisubiri nimalize.

"Fundi," akasema taratibu, "ni wewe uliyeniambia."

Nikataka kubisha, kumbukumbu ikanishika. Siku nilipomfungia ile betri pale karakana, magari yalikuwa manne yananingoja. Nilimwambia usiweke maji ya kisima, weka maji safi. Akauliza, safi ya namna gani, ya kuchemsha? Mimi nimeinamia injini nyingine, hata usoni sikumtazama, nikamjibu ndiyo, ndiyo, hata ya kuchemsha, mradi yawe safi, usinisumbue mzee. Nyuma yangu palikuwa na chupa kubwa ya maji ya betri. Kumjazia hata chupa ya soda nilishindwa.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye darasa la shule. Nikasimama nikaeleza kwamba dinamo ni nzima, waya ni nzima, na betri haikuazimishwa kwa mtu yeyote, maana nililala nayo mwenyewe ikafa. Watu wakacheka kidogo. Nikaeleza habari ya chumvi.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo aliyeweka hayo maji ni dereva?"

"Ni yeye," nikasema.

"Hakufundishwa?"

Dereva alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele, la watoto, magoti juu. Alinitazama bila kunikazia macho. Nilijua mkuu wangu atataka jina la mtu kwa ajili ya betri ile, na nilijua jina langu likitajwa sitarudi karakana. Nikasema madereva wote wanapochukua magari huelekezwa kuhusu betri. Ulikuwa ukweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kusema. Nikakaa.

Hawakumpeleka polisi. Walimnyang'anya ufunguo kwa kosa la uzembe, wakamrudisha jembeni, na kijana aliyekuwa mafunzoni akaahidiwa lori. Kwangu hasira zilikuwa bado zimejaa ila nilikosa wa kumtupia. Nilimkasirikia katibu, nikaikasirikia barabara, nikavikasirikia hata visima.

Jumapili nilipokuwa nafunga sanduku langu la vifaa, mzee akaja. Safari hii alinikuta nimekwisha kuinama kumwamkia kabla hajafika. Akaitika, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mwanangu. Umenisafisha. Sasa wanajua mimi si mwizi."

Nikajitia kuhesabu spana.

"Nina ombi moja," akaendelea. "Huyo kijana atakayekuja hajui kitu. Nifundishe hayo maji ya betri yanapatikanaje, ili nimwambie, asije akapata taabu kama mimi."

Nikamweleza. Akinge maji ya mvua moja kwa moja kutoka mawinguni, yasiguse bati wala paa la udongo, akinge kwa chombo cha kioo au sufuria ya enameli isiyobanduka, ayaweke kwenye chupa na kuifunga. Akarudia yote neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali, akaniaga.

Maelezo yote hayakuchukua hata dakika mbili.